Ngazi ambazo hukuziandika

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Nakuru. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, sijaolewa, naishi Section 58 pamoja na mdogo wangu wa kiume. Mchana nafanya kazi katika duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Usiku na wikendi naandika habari za safari kwenye blogu yangu. Nakuandikia kwa sababu nimewakosea watu na sijui nianzie wapi kurekebisha.

Nilianza mwaka 2018. Makala yangu ya kwanza yalihusu safari ya matatu kutoka hapa hadi Kisumu kupitia Kericho. Sikuwa na ujuzi wowote. Niliandika tu yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijapanda gari: ukae upande gani uyaone vizuri mashamba ya chai, choo cha kulipia kiko wapi, kwamba Mau Summit kuna baridi hata mchana kwa hivyo sweta usiifungie kwenye buti, na kwamba ukifika Ahero wauzaji wanakuja hadi dirishani, basi weka pesa ndogondogo karibu. Watu waliyapenda makala yale kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja aliniambia aliyasoma akiwa safarini, na kila nilipomwambia atazame, alitazama akakuta.

Tangu hapo niliandika safari nyingi za namna hiyo. Wasomaji wakawa wengi, na mwaka juzi hoteli zikaanza kunialika. Wa kwanza kunialika alikuwa mwenye loji moja kando ya ziwa, si mbali na Kisumu. Nililala usiku 2 bila kulipa, nikala bure, nikazungushwa ziwani kwa mashua bure. Wakati wa kuondoka mwenyeji aliniambia, "Andika kutoka moyoni." Nami niliandika. Nilisema ni mahali pa amani ya kipekee, pa kumpeleka mtu unayemthamini. Sikusema kwamba maji ya bomba yalikatika asubuhi zote mbili. Sikusema kwamba baa ya jirani ilipiga muziki hadi saa tisa usiku. Na sikusema kwamba sikulipa hata shilingi. Nilijiambia kuwa kumsema vibaya mtu aliyenikirimu ni utovu wa adabu, maana kwetu mgeni haondoki akitaja kasoro za nyumba.

Mwezi wa Agosti nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Eldoret. Aliweka akiba kwa miezi 8 kupitia chama chao ili ampeleke mamake, mwenye miaka zaidi ya 70, akaone ziwa kwa mara ya kwanza. Alichagua ile loji kwa sababu yangu. Mamake ana magoti mabovu. Vyumba viko chini karibu na maji, na kutoka pale gari linapoishia hadi vyumbani kuna ngazi nyingi za mawe, tena bila mahali pa kushika. Bibi huyo aliteremka mara moja, kesho yake akapandishwa kwa kubebwa. Mashua hawakuipanda kwa sababu bei yake haikuwa kwenye hesabu yao. Mama huyo hakunitukana. Aliandika tu, "Nilikuamini kama dadangu."

Kabla sijapumua, msomaji mwingine akaniuliza picha yangu ya Ziwa Nakuru niliipiga lini, ile inayoonyesha ufuo mzima ukiwa wa waridi kwa ndege aina ya heroe. Alikuwa ametoka huko na wanawe, wakaona heroe wachache sana kwa mbali. Shangazi, picha ile sikuipiga mimi. Nilipewa na rafiki, na ni ya zamani, kabla maji ya ziwa hayajapanda.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili. Wanaofungua blogu yangu hawajapungua sana, lakini hawaniulizi tena. Zamani sikukosa maswali kila siku: nishukie wapi, nauli ni ngapi, nimbebe mtoto au nimwache. Sasa kumenyamaza.

Mdogo wangu anasema nifute yote nianze upya kwa jina lingine. Rafiki yangu anasema watu husahau, niendelee, tena mkono mtupu haulambwi, nitasafiri na nini nikiwakataa wenye hoteli? Mama naye alinijibu kwa maneno matano tu: njia ya mwongo ni fupi. Ninaowaona wakistawi, hata hivyo, ni waongo wakubwa kuliko mimi. Nifanye nini ili waniamini tena? Na je, inawezekana kuandika ukweli na bado watu watamani kusafiri?

Binti wa Section 58, Nakuru

*

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara ninakwama kwenye zile ngazi. Wewe ulizipita. Uliteremka nazo ukiwa na begi, ukapanda ukienda kula, ukateremka tena usiku ukiwa na tochi ya simu. Kwa siku 2 huenda ulizikanyaga mara 10. Halafu ukaketi kuandika kuhusu "amani ya kipekee" na ngazi hazikutokea hata kwa neno moja. Mwenyeji hakukuambia uzifiche. Hata hukukusudia kuzificha, naamini hivyo. Ilitokea tu kwamba ulipokuwa ukiandika, mtu uliyekuwa ukimwona akilini ni yeye, akiisoma kazi yako kwenye simu yake huku akitabasamu. Bibi wa Eldoret hakuwamo chumbani.

Ulifanya vyema kunitumia makala yote mawili, lile la kwanza la matatu na hili la loji. Niliyasoma jioni moja hapa nyumbani Kisumu, moja baada ya jingine. Lile la kwanza lina sweta, lina buti, lina choo cha kulipia, lina pesa ndogondogo za Ahero. Nikilisoma najua pasipo shaka kwamba kuna mwanadamu aliyekaa kwenye kile kiti, akasikia baridi, akajuta kwamba sweta yake iko nyuma. Lile la pili lina "ya kipekee" mara nne, "ya kuvutia" mara tatu, na "mandhari tulivu" mwanzoni na mwishoni. Samahani kwa kukuhesabia. Lakini ungeweza kuliandika bila kutoka Nakuru, na msomaji analihisi hilo hata kama hawezi kulieleza.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alipita Mombasa, akalala usiku mmoja tu, akaendelea na safari kwenda Kilwa. Usiku mmoja! Hata hivyo alituachia habari kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, kwamba kwenye mlango wa kila msikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, na kwamba watu walichota maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba, wakaosha miguu, kisha wakaipangusa kwenye kipande cha mkeka mnene kabla ya kuingia. Karibu miaka 700 imepita na bado nakiona kile kijiti. Mtu hawezi kutunga kijiti cha namna hiyo, na hata angeweza, kwa nini ajisumbue? Lakini habari zake zina upande wa pili. Maelezo yake ya Damascus yalichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr, na yapo maeneo mengine ambayo wataalamu wanatilia shaka kama alifika kweli. Kwa hiyo hadi leo anayemsoma hana budi kuuliza katika kila ukurasa: hapa alikuwepo, au alisimuliwa? Shaka haikai mahali ilipozaliwa. Picha moja ya heroe uliyopewa na rafiki imefika hadi kwenye choo chako cha Kericho, ambacho ulikiona kwa macho yako mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu ya ukimya unaousikia. Anayekuuliza nauli anakusudia kutoa pesa mfukoni kulingana na jibu lako. Anayefungua tu blogu yako anapitisha muda. Umebaki na wapitisha muda, na umewapoteza wasafiri. Umefanya vyema kuliona hilo mwenyewe, maana wengi wangezitazama hesabu za waliofungua wakalala usingizi mzuri.

Sasa tuseme la kufanya.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa neno lolote kwenye blogu, mwandikie yule mama wa Eldoret. Yeye peke yake, si hadharani. Mwambie: nililala pale bure na sikukuambia, ngazi niliziona na sikuziandika, mashua nilipewa, kwa hivyo hata bei yake sikuwa nikiijua. Basi. Usimweleze habari za adabu za mgeni, maana mamake alibebwa mgongoni na adabu zako hazikumsaidia. Usimwombe atangaze kwamba amekusamehe. Wala usimkimbilie na zawadi siku hiyohiyo, atahisi unamnunua. Na habari ya magoti ya mamake ni yake. Usiifanye hadithi ya kuanzia makala yako mapya bila idhini yake. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Pili, usifute. Mdogo wako anakutakia mema lakini katika hili amekosea. Ukifuta, aliyekwisha kupanga safari kwa maneno yako hatapata habari kwamba yalikuwa na kasoro, na aliyekujua atasema umekimbia. Juu kabisa ya makala ya loji, kabla ya picha, weka maneno ya kawaida yenye tarehe: kwamba ulialikwa, hukulipa malazi, chakula wala mashua, kwamba maji yalikatika asubuhi zote mbili ulizokuwapo, kwamba muziki wa jirani uliendelea hadi saa tisa, kwamba kutoka gari linapoishia hadi vyumbani kuna ngazi za mawe zisizo na mahali pa kushika. Maneno ya zamani yaache chini yake yalivyo. Wasomaji waone ulichosema na ulichokisahihisha.

Na mpigie mwenye loji kabla hujachapisha. Si kumwomba ruhusa. Mwambie utakachoandika, na umweleze kuhusu yule bibi, kwa sababu huenda hajui, na chuma cha kushika si kitu cha gharama kubwa. Nakuonya tu usilipize kisasi kwake ili uonekane msafi. Alikupa kitanda na chakula kwa nia ya kupata wageni, na hilo si dhambi. Aliyekuwa na deni kwa msomaji ni wewe.

Heroe nao. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu swali lako la mwisho, kama mtu anaweza kusema ukweli na bado watu watamani kusafiri, jibu lake liko katika ziwa ambalo karibu unaliona kutoka nyumbani kwako.

Ziwa Nakuru ni la magadi. Heroe wanalipenda kwa sababu kwenye maji ya magadi huota vijimea vidogo vya kijanikibichi wanavyovichuja kwa midomo yao. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda sana. Pale Nakuru yalifunika barabara za mbugani na kuua migunga iliyokuwa ufuoni, hata lango kuu la zamani likafikiwa na maji. Maji mengi yalizimua yale magadi, chakula cha heroe kikapungua, nao wakafuata chakula kwingine, wengi wakaenda Ziwa Bogoria. Hawajafa, hawajakasirika. Wanakwenda na kurudi kulingana na hali ya maji, ndiyo maana mwaka huu unaweza kukuta wengi na mwakani ukakuta wachache.

Sasa niambie, habari hiyo haimfanyi mtu atake kwenda? Mimi inanifanya nitake kwenda kesho asubuhi. Nataka kuiona miti iliyokufa imesimama majini. Nataka kuwaonyesha wajukuu wangu ziwa lililobadilika wakati wa uhai wa mama yao. Tena mbuga ile ina vifaru, weusi na weupe, na twiga wa Rothschild, hao hawajahama. Ukiandika, "Nilikwenda Februari, heroe nilioona ni wachache na walikuwa mbali, vifaru tuliwaona kabla ya saa nne," yule baba angewaandaa wanawe kwa ajili ya vifaru, nao wangerudi nyumbani wakisimulia kifaru badala ya kununa juu ya ndege ambao hawakuwapo. Watoto hawakuumizwa na ziwa, waliumizwa na picha.

Kwa hiyo iondoe ile picha, na pale ilipokuwa useme kwamba uliiondoa na kwa nini. Kuanzia sasa kila picha iwe na mwezi, mwaka na jina la aliyeipiga. Bei pia, na nauli, na saa za mashua.

Juu ya saa za mashua, nikuambie kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilipata wakwe kutoka Mombasa, watu waliozoea bahari, nami nilitaka kuwaonyesha kwamba hata sisi wa bara tuna maji. Nilisoma mahali kwamba kwenye ufuo fulani mashua zinaondoka wakati wowote. Tulifika alasiri tumevaa vizuri, na pale pa kupandia hapakuwa na maji ya kuonekana. Kulikuwa na shamba la gugu maji, la kijani, limefunga kuanzia mchangani hadi mbali. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu aliniambia kwamba asubuhi palikuwa wazi. Upepo uligeuka, ukalisukuma gugu likaja kulala hapa, na kesho huenda ukalipeleka kwingine. Nilimwelewa mara moja, maana nimekaa na ziwa hili maisha yangu yote na nilipaswa kujua. Mwandishi niliyemsoma hakudanganya. Alifika siku moja, akakuta wazi, akaifanya siku yake moja kuwa kila siku. Neno lililokosekana ni "siku niliyokwenda mimi". Angeandika hivyo, mgeni angepiga simu kwanza.

Hilo la kukiri mipaka ya macho yako linawatisha waandishi wengi, wanadhani litawafanya waonekane hawajui. Mimi naona kinyume. Mtu akiniambia, "Upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega nimeutembea, wa Isecheno sijafika," ninamwamini zaidi juu ya ule wa kaskazini.

Sasa pesa. Najua hapa ndipo penye kidonda, kwa sababu mshahara wa duka la nakala ninaweza kuukisia.

Wapo watakaokuambia usipokee mwaliko wowote wa bure. Sikubaliani nao. Sheria hiyo ikifuatwa, watakaoandika kuhusu Magharibi mwa Kenya ni wenye fedha zao peke yao, na hao hawapandi matatu. Pokea, lakini useme. Marekani tume yao ya biashara iliwawekea wanablogu mwongozo wa kutangaza malipo na zawadi tangu 2009, na Uingereza tangazo lazima litambulike kuwa ni tangazo. Kwetu Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mtumiaji. Lakini wewe usingoje sheria. Sema katika aya ya kwanza, jicho linapoangukia, kwa Kiswahili cha kawaida: "Nilialikwa, sikulipa. Ukilipa wewe, chumba ni kiasi hiki na mashua ni kiasi hiki." Bei hizo ulizie mapokezi kama mgeni yeyote. Usipozitoa, zawadi yako inageuka kuwa mtego kwa anayekufuata, kama ilivyokuwa kwa watu wa Eldoret.

Na makubaliano yafanyike kabla hujabeba begi, kwa ujumbe ulioandikwa. Mwenyeji hasomi kabla ya umma kusoma. Utaandika mazuri na mabaya utakayoyaona. Utatangaza kwamba ulialikwa. Baadhi watakataa. Waache wakatae mapema, mkiwa bado marafiki. Ule ugumu wako wa kutaja kasoro za nyumba ya watu unatoka mahali pazuri, umelelewa vizuri, lakini loji si nyumba ya mtu. Nyumbani kwa watu mgeni anayefuata naye halipi.

Hata hivyo, kama ningekuwa wewe, nisingeziweka hoteli kuwa tegemeo. Wale waliokuwa wakikuuliza wapi pa kushukia wana shida ambayo wewe unaweza kuitatua kwa malipo. Hapa Kisumu, huko Nakuru, Eldoret, Kakamega, vyama vya akina mama vinaweka akiba ya safari kila mwisho wa mwaka, na kila mwaka kuna fujo: gari limekodiwa bila dereva kujua njia, chakula kimeagizwa kimechelewa, mmoja ana kisukari na hakuna aliyekumbuka. Wapangie. Watoze kiasi cha haki kwa kupanga safari ya watu 14, uende ukakague mahali wiki moja kabla, uhesabu vyoo na vivuli. Anayekulipa hapo ndiye unayemwandikia. Macho yako hayatakuwa na mabwana wawili. Na safari zile zitakupa mambo ya kuandika ambayo hakuna mwenye loji angeweza kukuonyesha.

Ukimjua msomaji wako hivyo, hata maneno yatabadilika yenyewe. Makala mengi juu ya kwetu yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kwenye ndege akiwa na dola. Hayamwambii mwalimu wa Vihiga kwamba mbuga zetu zina kiingilio tofauti kwa raia, abebe kitambulisho, wala kwamba langoni hawapokei pesa taslimu, kwa hivyo alipe kwa simu akiwa bado mahali penye mtandao mzuri. Hayasemi kama unaruhusiwa kuingia na sufuria yako ya pilau. Pale Dunga, ufuoni hapa Kisumu, msomaji wako anajua tofauti ya ngege na mbuta. Anataka kujua samaki mmoja anatosha watu wangapi, na kama kuna kiti chenye mgongo kwa mzee. Na ukimpeleka Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, mwambie pia kwamba ndani ya mapango yale kuna watu wanaofunga na kusali. Si sehemu ya maonyesho. Mwelekezaji atawaambia pa kunyamaza, na simu ikae mfukoni. Nimewahi kuona picha ya mwanamke aliyepiga magoti pale, uso wake wote wazi, imewekwa juu ya makala ya "vivutio vya wikendi". Wenyeji wa mahali nao ni watu wanaokusoma, binti yangu. Mchuuzi wa samaki akiona umeeleza mahali pake kwa haki, siku nyingine ndiye atakayekuambia ni ufuo upi umefungwa na gugu leo.

Kuhusu waongo wanaostawi, sina la kukufariji. Wapo. Wanapata wasomaji wapya kila siku kwa sababu wale wa jana hawarudi. Wewe uliwahi kuwa na wanaorudi, kwa hivyo unajua tofauti yake.

Usitarajie maswali yarudi mwezi huu. Andika makala mafupi kadhaa ya namna ile ya zamani, ya nauli na sweta. Litakapokuja swali la kwanza, hata kama ni la choo, lijibu siku hiyohiyo, na kama hujui sema hujui, kisha uende ukaulize.

Na jambo moja la mwisho nataka ulifanye kwa pesa yako mwenyewe. Chagua siku ya katikati ya wiki wakati bei ya vyumba iko chini. Panda matatu ya alfajiri, sweta iwe mapajani. Nenda ukalale tena kwenye ile loji usiku mmoja, ulipe kama mgeni yeyote, uchukue risiti. Asubuhi fungua bomba, uandike saa. Halafu simama juu pale gari linapoishia, uteremke polepole kama mtu mwenye magoti mabovu, uhesabu zile ngazi moja moja. Idadi yake uiandike kwenye makala, nami unitumie.

Shangazi yako,
Kisumu